Tulimlaumu mwana bure, kumbe papai si papai

Keti vizuri. Leo nina deni la kulipa, na ni deni la maneno.

Kisa chenyewe kilianza usiku wa Jumamosi moja, Septemba 2023. Nilikuwa nikipiga pasi sare za watoto simu ikalia. Alikuwa dada yangu mkubwa, aliyeolewa kule Kaloleni, Kaunti ya Kilifi. Hata salamu hakungoja ziishe.

"Umeiona hiyo picha?" akauliza. "Mwanao anakula raha huko Marekani! Minazi yetu iko rehani, naye yuko kwenye ngoma na kikombe mkononi!"

Huyo "mwanao" ni mwana wake yeye mwenyewe. Lakini mwana akikosea huwa wa mama mdogo, na akifaulu hurudi kwa mama mzazi. Wenye dada wakubwa wanajua ninachosema.

Nikafungua kundi letu la WhatsApp la familia. Lo! Kijana wetu alikuwa amesimama kando ya ziwa, jua likimwangaza, kinywa wazi kwa kicheko. Mkono mmoja kikombe chenye kitu cha manjano, mkono wa pili kijiko. Nyuma yake mahema, watu tele na mpiga gitaa. Chini ya picha ameandika maneno matatu tu: "Leo nimekula nyumbani."

Ama kweli picha haina mdomo, kila mtu huisemea atakavyo. Sisi tuliisemea vibaya.

MINAZI 40

Ili unielewe msomaji, ni lazima nikueleze tulikotoka. Kijana huyu, aliyekuwa na umri wa miaka 19 wakati huo, ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka bahari kwa ajili ya masomo. Alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Ohio, kilichoko mji wa Athens katika jimbo la Ohio, kusomea biolojia ya mimea. Alipewa ufadhili wa sehemu ya karo. Sehemu iliyobaki, pamoja na tikiti ya ndege na pesa za kuanzia maisha, ilikuwa juu yetu.

Tulifanya harambee. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, kwa hivyo najua kila shilingi ilitoka wapi. Najua ni mama gani muuza samaki aliyetoa noti ya shilingi 200 iliyokunjwa mara nne. Hata hivyo, harambee haikutosha. Ndipo shemeji yangu, mtu mkimya asiyependa makuu, akaweka rehani minazi 40.

Kwa msomaji wa Nairobi au Nakuru asiyejua desturi hii ya pwani, rehani ya minazi ni hivi. Mnazi unabaki kuwa wako, shamba linabaki kuwa lako, lakini mazao si yako. Aliyekukopesha ndiye anayeangua nazi, ndiye anayeweka mgema wake, hadi siku utakapomrudishia pesa zake. Wewe unakaa barazani kwako ukiitazama nazi inadondoka, na huna ruhusa ya kuiokota kwa ajili ya wali wako.

Basi fikiria mama anayenunua nazi dukani ilhali kazungukwa na minazi yake mwenyewe. Halafu usiku saa tatu aone picha ya mwanawe anacheka karamuni ng'ambo.

Nami sikumtuliza dada yangu. Nilitia petroli motoni. Niliandika ujumbe, nikautuma kabla sijausoma mara ya pili: "Hatukukutuma ngoma, tulikutuma shule. Babako hatii maziwa kwenye chai siku hizi ili wewe ufike huko. Jirekebishe."

Alama mbili zikageuka buluu. Ameusoma. Hakujibu.

Jumapili ikapita kimya. Jumatatu ikapita kimya. Jumanne asubuhi dada yangu akanipigia, sauti imebadilika. "Wewe umemwambia nini mwanangu?"

Umeona, msomaji? Sasa amekuwa mwana wake.

SAUTI YA DAKIKA 11

Jibu lilifika Jumanne usiku. Halikuwa la maandishi bali la sauti, dakika 11 kamili. Nililisikiliza jikoni taa imezimwa, ili watoto wangu wasinione.

Alianza kwa kuomba radhi. "Mama mdogo, shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza, nilikuwa nikitafuta maneno." Kisha akanieleza jinsi alivyoishi tangu afike huko katikati ya Agosti.

Kila dola aliyoiona aliigeuza shilingi, na kila shilingi akaigeuza nazi. Wakati huo dola 1 ilikuwa zaidi ya shilingi 140. Baba yake huuza nazi moja shambani kwa shilingi 25. Kikombe cha kahawa cha dola 4 kilikuwa kwake zaidi ya nazi 20, yaani mnazi mzima wenye kuzaa vizuri umeanguliwa ukatiwa kikombeni. Ni nani angeweza kuimeza kahawa hiyo?

Basi alikula mkate na mayai, asubuhi na jioni. Wenzake wakimwalika, husema ameshiba. Alipata kazi ya kuosha vyombo katika jumba la kulia la wanafunzi, kwa kuwa mwanafunzi mgeni Marekani huruhusiwa kufanya kazi chuoni kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Alikuwa akikwangua mabaki ya chakula cha wenzake kwenye sahani na kuyatupa, halafu anarudi chumbani kwa mkate wake. Wiki tano hakuketi kula na mtu yeyote. Mshipi wa suruali ulikuwa umeongezwa tundu mbili.

Haya yote hatukuyajua. Tulipompigia simu tulimuuliza, "Masomo yanaendeleaje?" Naye akajibu, "Yanaendelea vizuri." Hakudanganya. Masomo yalikuwa yakiendelea vizuri. Ni yeye aliyekuwa hali mbaya.

KUALIKWA KULA MAPAPAI

Chuo hicho kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na kijana wetu alikuwa akimsaidia msichana mmoja Mmarekani matamshi kila Alhamisi. Msichana huyo ni mwenye bidii, hushika kamusi kama mtawa ashikavyo tasbihi. Alhamisi moja akamwambia kwa Kiswahili chake cha polepole: "Jumamosi sisi tutakwenda kwenye sherehe ya mapapai. Rafiki yangu mmoja ni mgonjwa, tikiti yake ipo. Karibu."

Mapapai! Kijana alikataa mara moja, akakataa mara ya pili. Mara ya tatu akakumbuka papai la kwao, lile jekundu ndani, lililokatwa vipande na kukamuliwa ndimu. Tikiti imekwisha kulipwa, gari ni la wenzake. Hapotezi hata nazi moja. Akakubali.

Sherehe yenyewe hufanyika kando ya ziwa liitwalo Lake Snowden, karibu na mji mdogo wa Albany, si mbali na Athens. Ilianzishwa mwaka wa 1999 na mkulima aitwaye Chris Chmiel, na hufanyika Septemba, mwanzoni mwa majira ambayo vitabu vyetu huyaita mapukutiko, majani yanapoanza kugeuka rangi kabla ya kuanguka. Wengine huyaita majira hayo vuli, lakini sisi wa pwani vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Yao ni ya kukausha majani, yetu ni ya kuyaotesha.

Kijana anasema alishuka garini akitafuta mapapai kwa macho. Hakuona hata moja. Aliona mahema, moshi wa nyama choma, watoto wanaokimbia wakiwa wamepakwa rangi usoni, wazee wamekalia viti vya kukunja, na juu ya meza matunda madogo ya kijani yenye madoa meusi, mengine mafupi kama embe dogo, mengine yamejipinda kama figo. Yamepangwa mawili mawili na matatu matatu kama vidole vya ndizi.

"Mapapai yako wapi?" akamuuliza mwenyeji wake.

"Ndiyo haya!" msichana akajibu kwa furaha.

Kumbe kamusi ilikuwa imemponza. Sisi tuliosoma Kiingereza cha Kenya tunajua kwamba "pawpaw" ni papai. Lakini Wamarekani wa sehemu hizo wana tunda lao la msituni waliloliita jina hilo hilo, inadhaniwa kwa kulifananisha na papai, ilhali hayahusiani hata kidogo. Na ukisikia wanavyolitamka, ni kama wanasema "popo". Dada yangu aliposikia neno hilo kwenye ile sauti alinipigia mbio: "Wanamlisha popo?" La hasha, dada. Ni tunda.

"NIMELIJUA, NIMELIJUA!"

Muuzaji, mzee mwenye kofia ya majani makavu, alilikata tunda moja katikati na kumpa kijana kijiko. Ndani palikuwa laini, rangi ya manjano kama yai la kukoroga, na mbegu kubwa za rangi ya kahawia iliyokolea zimepangwa safu mbili. Mzee akamwonya asile ganda wala mbegu, na kwamba wapo watu ambao tumbo huwachafuka wakila mengi.

Akatia kijiko kinywani.

Hapo kwenye ile sauti, msomaji, kijana alinyamaza kitambo. Nilidhani simu imekatika. Kisha akasema: "Mama mdogo, ilikuwa topetope la bibi."

Bibi anayemsema ni mama yangu mzazi, aliyetutoka mwaka wa 2019. Nyuma ya jiko lake palikuwa na mtopetope mmoja uliopinda, na mstafeli kando yake. Wauzaji wa matunda Nairobi huliita topetope tomoko. Bibi alikuwa na kawaida ya kulificha lililoiva ndani ya kapu la mchele, kisha humwita mjukuu huyu kando, wengine wasione, wakalila wawili kwa vidole na kutemea mbegu majivuni.

Kijana alilia pale pale, kijiko mkononi, mbele ya Wazungu wasiojua afanyeje. Mzee wa kofia alishtuka akadhani tunda limemdhuru. Ndipo kijana akaanza kucheka huku analia, akisema kwa Kiswahili, "Nimelijua, nimelijua!" Yule msichana akawafasiria wenzake. Mzee akakata tunda la pili, hakutaka pesa.

Wakati huo ndipo ile picha ilipopigwa. Na kikombe? Kilikuwa maji ya ndimu. Ni kweli sherehe hiyo huwa na hadi bia iliyotiwa tunda hilo, lakini sheria ya Marekani haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 21 kununua pombe, na mwanetu alikuwa na 19. Sisi tulimhukumu kwa rangi ya kinywaji.

UKOO WA NCHI ZA JOTO

Mwanafunzi wa mimea haachi kuuliza maswali. Alizunguka sherehe nzima akiuliza, na aliyoyapata nimeyahakikisha mwenyewe vitabuni, maana kazi yangu ni kuhakikisha.

Tunda hilo, ambalo wataalamu huliita Asimina triloba, kweli ni la ukoo mmoja na stafeli na topetope. Ukoo huo karibu wote huishi nchi za joto. Huyu ni mmoja wa wachache mno waliokwenda kaskazini wakajifunza kuvumilia theluji. Ndilo tunda kubwa kuliko yote yanayoliwa ambayo asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na moja laweza kufikia nusu kilo. Ladha yake watu huifananisha na ndizi na embe vilivyochanganywa.

Wenyeji asilia wa nchi hiyo walilila kabla Mzungu hajafika. Waafrika waliokuwa watumwa pia walilila. Mwaka wa 1806 wale wapelelezi mashuhuri, Lewis na Clark, walipokuwa wakirudi kutoka magharibi chakula kikiwa kimewaishia, waliponea tunda hili njiani.

Mbona basi hatulisikii madukani? Ni kwa sababu halisafiri. Likishaiva hukaa siku mbili au tatu tu nje ya jokofu, na ngozi yake huchubuka upesi. Wenye maduka makubwa hawana haja na tunda lisilongoja. Kwa hivyo, watu wa Ohio walipoona haliwezi kuwafuata watu mjini, waliwaita watu walifuate. Mwaka wa 2009 jimbo hilo likalitangaza kuwa tunda lake rasmi la asili. Na kule Kentucky, Chuo Kikuu cha Jimbo la Kentucky, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi, kina mpango maalum wa kulifanyia utafiti tunda hili.

Maua yake ni ya rangi ya damu ya mzee na hunuka kidogo kama nyama iliyooza, ili nzi na mbawakawa wavutwe kuyachavusha. Majani yake ni machungu kiasi kwamba hata mbuzi hawayagusi. Kijana anasema hilo ndilo lililomshangaza zaidi, maana mbuzi wa Kaloleni humaliza hata kamba ya kufungia ndoo.

Pia akanikumbusha jambo nililolisahau tangu shule. Stafeli na topetope lenyewe si la kwetu kwa asili. Yalitoka Amerika ya joto, yakavushwa bahari zama za Wareno pamoja na papai, mahindi, muhogo na mkorosho. Kwa hivyo, mti wa bibi nyuma ya jiko ulikuwa mgeni aliyekuja akawa mwenyeji. Naye alikuwa ameketi kando ya ziwa akila tunda la binamu wa mti huo.

Kulikuwa na mashindano ya pawpaw bora, mashindano ya mapishi, na mashindano ya kula. Alionja aiskrimu yake na kachumbari yake. Aliimbiwa nyimbo za milimani asizozijua. Jioni walikaa kwenye nyasi, watu saba kutoka nchi nne, wakala viazi na nyama kutoka sinia moja. "Nilishiba, mama mdogo," akasema. "Sikuhesabu nazi hata moja siku ile. Na Jumapili niliamka nikasoma kutwa nzima bila kichwa kuuma. Halafu nikausoma tena ujumbe wako."

NAMI NILIKUWA HIVYO

Msomaji, maneno hayo ya mwisho yalinichoma. Maana mimi mwenyewe nimewahi kuwa mtoto wa deni.

Nilipokuwa nikisomea diploma ya uandishi wa habari hapa Nairobi, mwaka wa pili, wenzangu wote wa bwenini walikwenda kwenye maonyesho ya kilimo ya ASK, uwanja wa Jamhuri. Walinibembeleza. Nauli haikuwa nyingi. Lakini marehemu baba alikuwa ameuza ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya karo yangu, nami nilihisi kwamba nikicheka, yule ng'ombe atanisikia. Nikabaki na daftari zangu, peke yangu kwenye chumba cha vitanda vinne.

Leo tukikutana wale wasichana wanne, sasa akina mama, hadithi ni ile ile: fahali aliyekata kamba, mahindi choma waliyogawana, kiatu cha mmoja kilichopotea matopeni. Wanacheka hadi machozi. Mimi hutabasamu tu. Na nilichosoma siku ile? Sikumbuki hata mstari mmoja.

Hakuna aliyenikataza kwenda. Baba hakujua hata kama kuna maonyesho. Nilijikataza mwenyewe nikidhani ndiyo heshima. Halafu miaka ikapita, nikapata simu na mtoto wa kumkataza.

SWALI LA SHEMEJI

Nilimpigia dada yangu usiku ule ule, nikamwambia asikilize ile sauti akiwa na mumewe. Baada ya nusu saa walinipigia. Dada alikuwa analia, anasema maneno yasiyokamilika kuhusu mkate na mayai. Kisha shemeji akachukua simu. Kumbuka, huyu ndiye mwenye minazi. Tangu picha ifike hakuwa amesema neno.

Akauliza swali moja tu: "Alishiba?"

Nikamwambia, "Alishiba, shemeji."

"Alhamdulillahi," akasema. Akanyamaza, kisha akauliza kama mkulima: "Hilo tunda, mbegu zake zaweza kuja huku?"

Nikamweleza kwamba mimea na mbegu haziingii nchini bila kibali cha KEPHIS, na zaidi ya hayo mti huo hutaka baridi kali ya miezi kadhaa ndipo uzae. Joto la Kaloleni haliufai.

"Basi uachwe kwao," akasema. "Sisi tuna topetope."

Kesho yake alikwenda kwa yule mti wa mama mkwe wake, uliokuwa umezongwa na magugu tangu kifo chake, akausafisha shina na kuuwekea samadi. Alituma picha kwenye kundi la familia. Ndiyo picha ya kwanza aliyowahi kuituma. Kidole chake kimeziba robo yake.

Sitaki udhani msomaji kwamba deni limeyeyuka. Hadi leo ninapoandika, minazi 15 imekombolewa, 25 ingali mikononi mwa mwenye pesa. Kijana bado anaosha vyombo, na hutuma kidogo anapoweza. Kilichobadilika ni kwamba sasa hula na watu, na kila Septemba hutuma picha akiwa na kijiko, naye mamake huijibu kabla ya mtu mwingine.

NENO KWENU WAZAZI, NANYI VIJANA

Mzazi mwenzangu, iwe mtoto wako yuko Ohio, Eldoret au Juja, mara ngapi umempigia simu ukauliza alama za mtihani usiulize amekula na nani? Tunawapeleka watoto shule kwa kuuza ng'ombe, kwa mkopo wa HELB, kwa rehani. Ni jambo tukufu. Lakini tukiwakumbusha gharama hiyo kila uchao, tunawatwisha mzigo usiowaacha hata kumeza. Mtoto hawezi kuulipia mnazi kwa njaa. Ataulipa akifaulu, na hatafaulu akiwa mkiwa.

Nawe kijana, usije ukalikata gazeti hili ukambandikia babako mlangoni. Wapo wenzako ambao sherehe zao huanza Alhamisi na kwisha Jumatatu, na pesa za karo zikaisha nazo. Hao siwatetei. Ninayemtetea ni yule anayeona haya hata kucheka. Ukialikwa mahali pema, kwa gharama unayoiweza, nenda. Kisha rudi usome. Na ukipiga picha, tafadhali eleza kilichomo kikombeni!

Deni langu je? Nililipa Jumatano ile. Nilimwandikia mpwa wangu, safari hii nikausoma ujumbe mara mbili kabla ya kuutuma: "Nisamehe mwanangu. Mwaka ujao nenda tena. Nikumbuke kijiko kimoja."

Akajibu upesi: "Viwili, mama mdogo. Kimoja cha bibi."

Hadi Jumapili ijayo Mungu akitujalia, nakutakia wiki njema wewe na aila yako. Kwaheri ya kuonana.